Mandhari Inavyosimulia: Pipeline Kwenye Ukurasa wa Katuni

Msomaji wa hadithi ya picha husoma mambo mawili kwa pamoja: yale wahusika wanayosema na kutenda, na yale yaliyo nyuma yao. Hayo ya nyuma ndiyo mandhari: ukuta, ngazi, kamba ya kuanikia nguo, bango la kinyozi, anga au ukosefu wake. Namna vitu hivyo vinavyopangwa ndani ya kisanduku, yaani nani asimame mbele na nani nyuma, mwanga utoke wapi, jicho liingilie wapi na litokee wapi, huitwa utunzi wa picha. Viwili hivi hubeba mzigo ambao katika riwaya ungekula aya nzima. Mchoraji akiweka mtungi wa manjano wa lita 20 nje ya mlango, kwenye ghorofa ya sita, msomaji wa Nairobi huwa ameshaelewa kwamba maji hayapandi hadi huko, kwamba kuna mtu aliyeyabeba ngazi baada ya ngazi, na kwamba kodi ya chumba hicho si ya mtaa wa wenye uwezo kama Kilimani. Yote hayo kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa.

Mtaa wa Pipeline, katika eneo la Embakasi Kusini upande wa mashariki wa Nairobi, unafaa kuelezea jambo hili kwa sababu ni mahali pagumu kuchora. Jina lake linatokana na bomba la mafuta la kutoka Mombasa, lililoanza kazi mwaka 1978. Leo mtaa wenyewe ni msitu wa majumba ya kukodisha ya ghorofa saba, nane na kuendelea, yaliyokaribiana kiasi kwamba wapangaji wa roshani mbili zinazotazamana wanaweza kuzungumza bila kupaza sauti. Ndani kuna korido ndefu yenye milango pande zote mbili, vyumba vya futi kumi kwa kumi, choo na bafu vya kutumiwa na wengi. Kwenye ghorofa za chini taa huwashwa hata saa sita mchana. Mwanaanthropolojia Mario Schmidt alitoa kitabu mwaka 2024 kuhusu wanaume waliohamia Nairobi na kuishi katika majumba haya, na hoja yake kuu ni mzigo wa matarajio unaowaelemea. Mzigo huo mchoraji hana namna ya kuuchora moja kwa moja. Atauchora kwa kuta.

Ugumu wa kwanza ni kwamba Pipeline haina upeo wa macho. Mafunzo ya kawaida ya uchoraji huanza na mstari unaotenganisha ardhi na anga. Vitu vilivyo mbali husogezwa karibu na mstari huo na kupunguzwa ukubwa. Katika kichochoro cha Pipeline mstari huo umefunikwa na jengo. Anga yenyewe ni utepe mwembamba huko juu, tena umekatwakatwa na nyaya za umeme, nguo zilizoanikwa na tumbo la ndege inayoelekea uwanja wa Jomo Kenyatta. Hivyo kina cha picha hakiwezi kutokana na umbali. Lazima kitokane na tabaka. Mbele kabisa huwekwa kitu kikubwa kilichokatwa na ukingo wa kisanduku, tuseme bega la mpita njia au mwavuli wa mama mboga. Katikati husimama mhusika. Nyuma yake huja ukuta wenye madirisha mengi madogo. Tabaka tatu zikipishana hivyo, msomaji huhisi msongamano hata kama hakuna umati uliochorwa.

Ugumu wa pili ni mazoea. Katuni ikitaka kusema haraka kwamba hapa ni Nairobi, hukimbilia mnara wa KICC, uliokamilika mwaka 1973 na ambao umechorwa tangu hapo hadi mkono wa mchoraji unaujua wenyewe. Ikitaka kusema kwamba hapa ni kwa watu wa kipato kidogo, hukimbilia mabati yenye kutu. Pipeline haimo katika picha hizo mbili. Ni mtaa wa mawe na zege. Sehemu ya mbele ya jengo hupakwa rangi, aghalabu rangi nyepesi ya waridi au ya krimu, huku kuta za ubavuni zikiachwa mawe tupu, kwa kuwa ploti ya jirani nayo itajengwa hadi pale pale na hakuna atakayeziona. Juu ya paa kuna matanki meusi ya plastiki. Roshani zimezibwa kwa vyuma. Chini, mlango wa kila jengo umezungukwa na vioski: wakala wa M-Pesa, duka la mitungi ya gesi, saluni, muuza chapati. Mchoraji asiyejua ubavu wa mawe tupu anaweza kuchora madirisha mia na bado msomaji wa Pipeline akamtambua kuwa mgeni. Anayeujua anaweza kuchora madirisha manne tu na akaaminiwa. Usahihi wa maelezo machache una uzito kuliko wingi wake, na hapa ndipo wachoraji wengi wenye bidii hupotea: hujaza kisanduku hadi mhusika akakosa pa kupumulia, wakidhani wingi wa mistari ndio ukweli wa mahali.

Kenya ina historia ndefu ya kujibu kwa njia tofauti swali la mandhari kiasi gani inatosha. Juha Kalulu, aliyebuniwa na Edward Gitau katika miaka ya 1950 na kuwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi, ni wa jadi ya katuni fupi ya gazetini: visanduku vichache na nafasi ndogo mno. Katika umbo hilo mandhari hufupishwa. Mti mmoja ni shamba. Meza moja ni ofisi. Kichekesho kinahitaji uso na mkao wa mwili, na chochote cha ziada kinachelewesha kicheko.

Jarida la Joe, lililoanzishwa mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst na kuendelea hadi 1979, lilienda upande mwingine. Hirst, Mwingereza aliyehamia Kenya na kufundisha sanaa, alipenda kuchora jalada lililojaa watu wa mjini, kila mmoja na shughuli yake, kiasi kwamba mhusika Joe mwenyewe alikuwa mmoja tu kati yao. Jalada la namna hiyo halisomwi kwa mtupo mmoja wa macho. Linazungukwa, na kila kona ina kisa. Hirst ndiye pia aliyeanzisha mfululizo wa Pichadithi katika miaka ya 1980, ambao baadaye ulimhusisha Frank Odoi, Mghana aliyefanya makao yake Nairobi hadi alipofariki mwaka 2012. Humo ngano za makabila ya Kenya zilihitaji mandhari ya aina nyingine kabisa: vilima, mito, maboma, vitu ambavyo mchoraji hakuweza kuvitazama dirishani, akalazimika kuvitafiti.

Kisha likaja Shujaaz, lililotolewa mara ya kwanza Februari 2010 na kampuni ya Well Told Story. Jarida hili la vijana liliandikwa kwa Sheng, likasambazwa bure ndani ya gazeti la Daily Nation na kupitia vibanda vya M-Pesa, na mwaka 2012 likapata tuzo ya kimataifa ya Emmy katika kitengo cha kidijitali. Mhusika wake mkuu, DJ Boyie, ni kijana asiye na ajira anayerusha matangazo ya redio kwa siri kutoka chumbani mwake. Wazo hilo lina maana kwa mchoraji: hadithi nzima imefungwa kwenye chumba, na chumba hicho lazima kiseme yeye ni nani. Shujaaz lilikuwa na kusudi la kuelimisha, na mara nyingi maneno ya kuelimisha hulemaza hadithi. Lililoliokoa, kwa sehemu kubwa, ni kwamba mitaa yake ilifanana na mitaa. Kijana wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, aliyetilia shaka ushauri kuhusu akiba au kilimo alikuwa ameshakubali ukuta uliokuwa nyuma ya mshauri.

Nje ya Afrika Mashariki, aliyeonyesha zaidi jinsi ya kuchora nyumba za kupanga ni Mmarekani Will Eisner. Alikulia katika majumba ya namna hiyo New York, na mwaka 1978 akatoa A Contract with God, visa vinne kuhusu wapangaji wa jengo moja la kubuni, namba 55, Dropsie Avenue, mtaani Bronx. Eisner mara nyingi aliondoa mistari ya visanduku. Badala yake fremu ya mlango, dirisha au uwazi wa ngazi ndivyo vilivyotenga tukio moja na jingine. Jengo likawa ndilo linalopanga ukurasa. Mvua yake nayo ni maarufu: maji yanamwagika juu ya mhusika, yanashuka ngazini, yanatapakaa hadi pembeni mwa ukurasa, na huzuni ya mtu inaonekana kabla ya sababu yake kutajwa. Karibu zaidi na hapa, Marguerite Abouet na Clément Oubrerie walianza mwaka 2005 mfululizo wa Aya, unaotokea Yopougon, mtaa wa Abidjan, mwishoni mwa miaka ya 1970. Wao walichagua rangi za joto na nyua zilizo wazi, na matokeo yake ni mtaa wa watu wa kawaida usioombewa huruma. Pipeline ingefaidika na mitazamo yote miwili, kwa kuwa korido zake zina giza la Eisner na barabara zake zina kelele na rangi za Yopougon.

Namna mambo haya yanavyofanya kazi huonekana vizuri kwenye ukurasa mmoja. Tuseme kisa ni hiki: msichana anayefanya kazi kiwandani kando ya Barabara ya Mombasa anarudi nyumbani jioni na kukuta mwenye nyumba amefunga mlango wake kwa sababu ya deni la kodi. Ukurasa una visanduku sita na hauna hata neno moja.

Kisanduku cha kwanza ni kirefu na chembamba, kinachukua upande wote wa kushoto. Ngazi zinapanda kutoka chini hadi juu, na msichana yuko chini kabisa, mdogo, na mfuko wa unga mkononi. Umbo la kisanduku limeshafanya kazi: jicho la msomaji linalazimika kupanda ngazi zote ambazo yeye atazipanda. Ingechorwa kwa kisanduku kipana, safari hiyo ingegeuka matembezi.

Cha pili kinaonyesha korido kwa mbele. Mistari ya sakafu, dari na milango yote inakutana mahali pamoja, na hapo mchoraji anaweka mlango wa msichana. Korido yenyewe ni nyeusi karibu yote, isipokuwa mwanga wa balbu moja. Msomaji hajui kuna nini mlangoni, ila kila mstari unamwambia atazame huko. Cha tatu ni kidogo: pazia la chumba cha jirani limesogezwa kidogo na jicho linachungulia. Mlango wenyewe uko wazi nyuma ya pazia, kama ilivyo kawaida ya vyumba vya korido wakati wa jioni, na kwa hiyo fedheha inayokuja itakuwa na mashahidi.

Cha nne ndicho moyo wa ukurasa: kitasa kimoja chenye kufuli mbili. Moja ni ndogo na imechakaa, ya msichana mwenyewe. Nyingine ni kubwa, mpya, inang'aa. Hakuna mandhari hapa, ni mbao na chuma tu. Mpangaji yeyote wa Eastlands anaielewa picha hii bila kupewa barua ya notisi. Cha tano ni uso wake, na nyuma yake hakuna kitu, hata ukuta. Dunia imefutika kwa muda, kama inavyomtokea mtu aliyepigwa na habari. Cha sita kinachukua upana wote uliobaki wa sehemu ya chini: mtazamo ni wa roshani ya jengo la mkabala, na tunaona ghorofa nne za madirisha, mengi yakiwa na taa, nguo zimeanikwa, mtu anaosha sufuria, watoto wanacheza. Msichana ameketi ngazini, kwenye robo ya kulia ya picha, na mfuko wake wa unga kando. Inabidi atafutwe. Kule kumtafuta ndiko kunakomwambia msomaji kwamba katika jengo hili shida ya mtu mmoja inaingia katikati ya jioni ya wengine na jioni inaendelea.

Sasa kisanduku cha nne kihamishwe kiwe cha kwanza. Michoro ni ile ile, lakini hadithi imegeuka. Msomaji anajua habari ya kufuli kabla ya msichana, na ngazi zilizokuwa uchovu tu zinakuwa mateso: kila hatua inamsogeza kwenye jambo ambalo sisi tumeshaliona. Hivyo utunzi wa picha hauishii ndani ya kisanduku. Unahusu pia mpangilio wa ukurasa, ukubwa wa kisanduku kimoja ukilinganishwa na jirani yake, na yale yanayoachwa kwenye pengo jeupe kati yao, ambapo msomaji hujaza mwenyewe.

Swali la lini kuondoa mandhari linahitaji neno zaidi. Wachoraji huiondoa kwa sababu mbili, moja nzuri na moja ya kuchoka. Ile nzuri ni kuelekeza jicho usoni wakati wa hisia kali, kama katika kisanduku cha tano hapo juu. Kanuni ya kazi ni kwamba mahali pakishatambulishwa kikamilifu mara moja, visanduku vinavyofuata vinaweza kuishi kwa dalili tu, kona ya dirisha au chuma cha roshani, kwa kuwa msomaji hubeba mahali pale kichwani. Tukio likihama, mahali papya hutambulishwa tena. Ile ya kuchoka hujulikana upesi: kurasa tatu za vichwa vinavyoongea mbele ya weupe, na msomaji hajui tena kama watu wako ndani au nje.

Kuna pia uhusiano kati ya uso na ukuta ulio nyuma yake. Hergé, Mbelgiji aliyemchora Tintin, alimpa shujaa wake macho ya nukta mbili tu, huku magari, meli na majengo yakichorwa kwa uangalifu wa mhandisi. Mmarekani Scott McCloud, katika kitabu chake Understanding Comics cha mwaka 1993, alieleza kwamba uso mwepesi humruhusu msomaji kujivika uhusika, na mandhari yenye maelezo humpa dunia ya kuingia. Kanuni hii inafaa sana kwa mtaa kama Pipeline, ambao wasomaji wake wanaujua kwa kuuishi: uso ukiwa wa kila mtu na korido ikiwa ya mahali fulani hasa, msomaji huingia haraka.

Mandhari hupima muda vilevile. Mchoraji anaweza kutumia roshani moja mara nne, kutoka pembe ile ile, na kubadilisha nguo kwenye kamba: sare za shule, ovaroli, nepi, kisha kamba tupu. Mwaka umepita, mtoto amezaliwa, familia imehama. Mmarekani Richard McGuire alijenga kazi nzima juu ya wazo hilo. Here, iliyotoka kama kisa kifupi mwaka 1989 na kama kitabu mwaka 2014, inatazama kona moja ya chumba kwa maelfu ya miaka. Pipeline haihitaji maelfu. Jengo la huko linaweza kuongezwa ghorofa, kuzibwa dirisha na ploti mpya na kubadilisha wapangaji nusu yake kabla mtoto aliyezaliwa humo hajaanza shule.

Maandishi yaliyomo ndani ya picha ni mandhari pia, na katika mtaa uliojaa mabango yanaweza kumsaidia mchoraji au kumharibia. Tangazo la chumba kilicho wazi, bei ya gesi kwenye ubao, jina la matatu ubavuni mwake: kila moja linatoa habari bila kupitia kinywa cha mhusika. Lakini msomaji hawezi kuona maandishi asiyasome, kwa hiyo bango lisilo na kazi linaiba muda wa kiputo cha maneno. Viputo vyenyewe huwekwa kwa mpangilio wa kusoma, kushoto kuja kulia na juu kuja chini, na anayeongea kwanza husimama kushoto. Kosa la kawaida ni kuchora kisanduku kizuri kwanza kisha kutafuta mahali pa kubandika maneno, ambayo huishia kufunika ile ngazi iliyochorwa kwa saa mbili.

Mambo mengine huamuliwa na karatasi. Magazeti huchapishwa kwenye karatasi inayonyonya wino, na mistari iliyokaribiana sana huungana ikawa doa. Wachoraji wa magazetini walijifunza kuchora ukuta wa mawe kwa kuonyesha mawe matano au sita na kuacha mengine yadhaniwe. Skrini ya simu haina tatizo la wino, ila ina la ukubwa: ukurasa wa visanduku sita ukifinywa hadi upana wa vidole vitatu, zile kufuli mbili hazionekani. Ndiyo maana katuni nyingi za simu huwa na kisanduku kimoja kwa wakati, mandhari hafifu na nyuso kubwa.

Njia nyingine ni ile iliyoshika kasi Korea Kusini katika miaka ya 2000, ya hadithi inayosomwa kwa kuvuta skrini kutoka juu kwenda chini bila kurasa. Umbo hilo linabana mandhari za upana, kama uwanja wa mpira au ufuo wa bahari. Jengo la ghorofa nane, kwa upande wake, linakaa humo bila kukatwa. Mchoraji anaweza kuanzia kwenye matanki ya paa, ashuke dirisha kwa dirisha, kisa kwa kisa, hadi kwa mama mboga langoni. Kinachopotea ni kule kuona ghorofa nne kwa mtazamo mmoja na kumtafuta mtu aliyeketi ngazini. Kwenye simu, msomaji atamfikia zamu yake ikifika.